Mbwa Mzima Anachafua Ndani: Majibu kwa Barua Zenu

Barua nyingi mlizotuma zinahusu jambo moja: mbwa aliyechukuliwa akiwa mkubwa tayari, na sasa anajisaidia ndani ya nyumba. Tumechagua zile zinazotofautiana, maana uchafu ni uleule lakini chanzo si kimoja.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nimemchukua mbwa jike wa miaka 4 hivi kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama, na sasa ana wiki 3 kwangu. Namtoa asubuhi na jioni, tunazunguka nusu saa nzima, hafanyi kitu. Tukirudi, dakika 5 hazipiti, ameshakojoa kwenye zulia la sebuleni, na siku nyingine anaongeza na kinyesi. Nikikasirika anajikunyata, kwa hiyo anajua kabisa kwamba amekosa. Je, bado anafundishika, au mazoea yameshaganda? — *Mama wa zulia*

JIBU: Anafundishika, mama, na mara nyingi kwa muda mfupi kuliko mtoto wa mbwa, kwa sababu kibofu chake kimeshakomaa. Mbwa mzima mwenye afya huweza kubana mkojo saa 6 hadi 8. Wako anabana vizuri tu: umeandika mwenyewe kwamba anazunguka nusu saa bila kudondosha hata tone. Tatizo ni kwamba anajua choo chake ni zulia. Pale ni laini, pana harufu yake, na hakuna magari, watu wala mbwa wengine wa kumtia wasiwasi.

Hilo la kujikunyata tulimalize kwanza, kwa sababu linawaponza wengi. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliambiwa, pengine kwa uongo, kwamba mbwa wao wamekula kitafunwa walichokatazwa. Sura ya “nimekosa” ilitokea pale mwenye mbwa alipokaripia, awe mbwa amekula au hakula, na waliokaripiwa bila kosa ndio walioionyesha zaidi. Mbwa wako anasoma uso na sauti yako tu. Akikaripiwa au kusuguliwa pua kwenye mkojo, anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Matokeo yake ni hayohayo unayoyaona: nje ukiwa umeshika kamba anabana, ndani ukigeuka tu anamwaga. Acheni karipio kuanzia leo.

Kabla ya ratiba yoyote, apite kwa daktari wa mifugo. Kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, kujikamua, damu kwenye mkojo au kujilamba sana chini huashiria maambukizi ya njia ya mkojo au mawe kwenye kibofu. Kunywa maji kupita kiasi kunaweza kuwa kisukari au ugonjwa wa figo. Dawa za kutuliza uvimbe au mwasho kama prednisoloni nazo huongeza kiu na mkojo. Pima mwenyewe: jaza bakuli kwa kipimo, kisha baada ya saa 24 uone kilichopungua, ukihesabu na ulichoongeza. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, yaani lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, si kawaida. Mkojo wa kupimwa uwe ule wa kwanza asubuhi. Akichuchumaa, sogeza upawa safi chini yake kutoka nyuma, umimine kwenye chombo chenye kifuniko, na ufike kwa daktari ndani ya saa chache. Ukichelewa, uweke kwenye friji. Kama kinyesi ni laini, peleka nacho, kwani minyoo na giardia, kimelea cha utumbo, havitibiki kwa ratiba.

Daktari akisema ni mzima, kwa wiki 2 msahau kwamba ni mbwa mkubwa. Mtoe mara anapoamka, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, baada ya kucheza, kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila baada ya saa 2 mchana. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana nao huanza kusukuma, ndiyo maana kinyesi hufuata mlo. Basi mlishe mara 2 kwa saa zilezile na uondoe bakuli baada ya dakika 20, amalize asimalize. Mbwa anayedonoa chakula kutwa, choo chake hakina saa. Maji usimnyime.

Sasa hayo matembezi. Nusu saa ya kuzunguka ina harufu na vishindo vingi mno kwa mbwa asiyejua alichotolewa nje kufanya. Mfunge kamba ya mita 2 hivi, mpeleke mahali pamoja kila safari, simama, nyamaza. Mpe dakika 5 hadi 10. Ataanza kunusa chini kwa kuzunguka, hatua zinafupika, kisha anachuchumaa. Hapa ndipo watu huharibu: wanashangilia mapema, mbwa anakatiza, na nusu iliyobaki anaimalizia sebuleni. Subiri ainuke. Akishainuka tu, ndani ya sekunde 1 au 2, mpe kipande cha nyama palepale aliposimama. Kwa hiyo nyama itoke mfukoni mwako, siyo jikoni mkisharudi, maana ya jikoni inamlipa kwa kuingia ndani. Baada ya hapo ndipo matembezi yaanze. Ukimrudisha ndani mara tu anapokojoa, mbwa mwerevu atagundua kwamba mkojo ndio unaokatisha raha, na atabana ili mkae nje zaidi.

Asipofanya kitu, mrudishe ndani lakini asiwe huru. Kamba yake ifunge kiunoni mwako, au aingie kizimbani kama amekizoea, kwa dakika 15 hadi 20, kisha mtoke tena palepale. Rudieni hadi afanye. Hatua hii inachosha na wengi wanairuka, lakini kwa mbwa kama wako ndiyo yenye kazi yote, kwani zile dakika 5 za zulia hazipati tena.

Mbwa huchagua choo kwa kile nyayo zake zinachokanyaga. Aliyekaa miezi kwenye sakafu ya saruji hashawishiki na majani siku ya kwanza. Jaribuni saruji au changarawe kwanza kama ipo nje, na kitambaa mlichofutia mkojo kiwekeni hapo. Kinyesi pia, mbili tatu za kwanza, msizizoe.

Ukimkuta katikati ya tendo, gonganisha viganja vyako mara moja kwa wepesi, mtoe haraka bila ghadhabu, na akimalizia nje mlipe. Ukikuta dimbwi limeshapoa, safisha tu. Karipio la baada ya hapo hataliunganisha na mkojo.

Na usafi wenyewe una namna yake. Mkojo unakuwa na amonia kadiri unavyooza, kwa hiyo sabuni yenye amonia inaurudishia mbwa harufu ya choo chake. Blichi nayo isiguse mkojo mbichi: ikikutana na amonia hutoa gesi inayounguza mapafu. Mashine ya mvuke wa moto iacheni pia, joto linagandisha uchafu kwenye nyuzi za zulia. Fanyeni hivi: kandamiza taulo kavu kwa uzito wa mguu, ukibadilisha, hadi taulo litoke kavu. Kisha mimina dawa yenye vimeng'enya, ile inayouzwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama. Kunyunyiza juu juu hakutoshi. Mkojo umeshuka hadi kwenye sifongo la chini ya zulia, na dawa nayo lazima ifike huko, kwa hiyo itumike nyingi kuzidi mkojo wenyewe na doa lilowe kwa upana zaidi ya unavyoliona. Funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Vimeng'enya vikikauka vinaacha kazi. Kama huna, siki na maji nusu kwa nusu hupunguza harufu, ila haiondoi yote. Madoa ya zamani yatafute usiku kwa tochi ya urujuanimno (UV), taa zikiwa zimezimwa: mengi hung'aa rangi ya manjano hafifu, na mtashangaa yalivyo mengi. Zulia lililolowa mara nyingi likunjwe litolewe mpaka mafunzo yaishe. Kuling'ang'ania ni kujitesa.

Weka daftari: saa, mahali, mkojo au kinyesi, kingi au kidogo. Ukiona mkojo wa ndani unaangukia saa 10 jioni kila mara, safari ya nje iwe saa 9 na nusu. Siku 14 mfululizo zikipita pakavu, mfungulie chumba kimoja zaidi. Akichafua, punguza tena.

SWALI: Wangu ni dume la miaka 3, hajahasiwa. Nje anakojoa vizuri sana, lakini ndani lazima aguse mguu wa kochi na pazia. Nimetoa safari hadi 6 kwa siku, hakuna nafuu. — *Mwenye pazia*

JIBU: Hizo safari ni bure, ndugu, kwa sababu kibofu hakijajaa. Mkojo mdogo kwenye kitu kilichosimama wima, mguu ukiwa juu, ni kuweka alama, na alama huwekwa hata na mbwa aliyetoka kukojoa sasa hivi. Mara nyingi huchochewa na nyumba ngeni, mbwa anayeonekana dirishani, au mizigo na viatu vya wageni vyenye harufu ya wanyama wengine. Kumhasi kunapunguza kwa madume wengi, si wote, na likishakuwa zoea refu halikatiki kwa kisu peke yake. Safisha kila alama kwa vimeng'enya, ziba sehemu ya chini ya dirisha, na umweke kwenye kamba uwapo ndani. Mkanda wa tumbo wenye pedi unaokoa kochi, ila ubadilishwe kila ulowapo, vinginevyo ngozi itaungua.

SWALI: Tukiwa nyumbani hachafui hata siku moja. Tukitoka wote, tunarudi tunakuta mkojo, kinyesi, na mlango umekwaruzwa. Jirani anasema analia. Ni kutukomoa? — *Familia ya watu 5*

JIBU: Hakomoi, anahofia. Tegesheni simu irekodi video, mtoke. Mbwa aliyeachwa bila choo kwa muda mrefu hulala, kisha saa kadhaa baadaye anahangaika na kujisaidia. Mwenye hofu ya kuachwa huanza mara moja, kwa kawaida ndani ya nusu saa ya kwanza: anahema, anadondosha mate, anakwaruza, anachafua huku akitembea. Msimfungie kizimbani mbwa wa namna hii, atavunja meno au kucha. Ratiba ya choo haitamsaidia. Anazoeshwa upweke kwa vipande vidogo: mlango unafungwa kwa sekunde chache na kufunguliwa kabla hajaanza kuhangaika, kisha muda unaongezwa kidogo kidogo. Katika kipindi hicho asiachwe peke yake kwa muda mrefu kuliko anavyoweza, na ndiyo maana watu 5 mna bahati: pangeni zamu. Hali ikiwa nzito, daktari wa mifugo ana dawa za kutuliza wasiwasi zinazotumika sambamba na mazoezi.

SWALI: Nilisoma kwamba mbwa hachafui anapolala. Wangu anachafua kizimbani na kulala juu yake. Nifanyeje? — *N.*

JIBU: Kanuni hiyo ni kweli kwa mbwa aliyewahi kuwa na uchaguzi. Aliyefungwa muda mrefu bila kutolewa ameshalazimika kulala kwenye uchafu wake, na ile hisia ya kujitenga nao imefifia. Anza na vipimo: asimame, ageuke na kujilaza, basi, kizimba kikubwa humpa chumba cha kulala na choo kwa pamoja. Ondoa tandiko nene linalofyonza mkojo, kwa kuwa linamwachia pakavu pa kulala. Saa zipunguzwe: mchana usizidishe saa 2 kwa sasa, na usiku weka kengele ya kuamka mara 1, umtoe kimya kimya na taa zikiwa hafifu, kisha alale tena. Usiku 5 au 6 zikipita pakavu, sogeza kengele mbele kwa dakika 30. Ukiona wiki 2 zimepita na hakuna badiliko lolote, achana na kizimba. Mfunge kwa kamba fupi karibu na kitanda chako, au tumia kijizuizi kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya vigae.

SWALI: Anakojoa nikimwinamia kumsalimu, tena anajilaza chali. — *Baba B.*

JIBU: Huo ni mkojo wa unyenyekevu, na hana uwezo wa kuuzuia. Ukikemea utaongezeka. Ingia bila kumtazama wala kumsemesha, nenda naye nje moja kwa moja, na salamu ziwe huko. Chuchumaa ukimpa ubavu, acha aje mwenyewe, mguse kifuani na si kichwani. Wageni nao waambiwe kabla ya kuingia.

SWALI: Jike wangu mzee, ametolewa kizazi, haendi haja ndani, ila tandiko huwa limelowa anapoamka. Nimsafirishe mara ngapi nje? — *Bibi K.*

JIBU: Idadi ya safari haitabadili kitu, bibi. Mkojo unaovuja usingizini kwa jike aliyetolewa kizazi kwa kawaida ni misuli ya kubana mkojo iliyolegea, na kuna dawa ya kumeza inayosaidia wengi wao. Mpeleke na sampuli ya mkojo ili maambukizi yatazamwe pia, na hadi siku hiyo tandika kitambaa kisichopitisha maji chini ya blanketi, ukimfuta nyuma kwa maji ya vuguvugu kila asubuhi.