Mnaoanza Kigiriki mwaka huu, anzeni na neno bishop

Kwa nyie mnaoingia chuo cha theolojia na mmeshaanza kuogopa Kigiriki, chukueni daftari muandike EPISKOPOS kwa herufi kubwa. Epi ni juu ya, skopos ni mtu anayeangalia, mlinzi yule, ukiunganisha unapata mwangalizi. Sasa shika kifutio ufute ile e ya mwanzo na os ya mwisho, inabaki piskop, itamke harakaharaka mara tano tu, ndo Waingereza wa zamani, kupitia Kilatini, walivyofika kwenye bisceop (hiyo sc walikua wanaitamka sh) na leo wanasema bishop.

Ila kilichonigusa zaidi ni cha kwetu, maana nilimaliza muhula mzima bila kujua kwamba askofu ni neno hilohilo! Kiarabu hakina sauti ya p, kwa hiyo huko ikawa f, wakasema usquf, sisi tukalipokea kwao tukalitia vokali zetu likawa askofu. Angalia konsonanti, kule s-k-p huku s-k-f. Yaani bishop na askofu ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kalelewa kwa Kilatini mwingine kwa Kiarabu, na vescovo ya Waitaliano na obispo ya Wahispania nao ni wa ukoo huo. Usikariri, fuata konsonanti.

Alafu kuna kosa nililofanya mimi na naona wengi wanalirudia. Nilisimama mbele ya darasa nikafundisha kwamba kwa vile epi ni juu basi askofu ni mtu wa kukaa juu ya wenzake. Mwalimu hakubishana na mimi, akasema fungua Matendo 20, soma mstari wa 17 kisha wa 28. Kwenye 17 Paulo yuko Mileto anawaita wazee wa kanisa la Efeso, ukifika 28 watu walewale wanaitwa episkopos kwa wingi, na kazi wanayopewa ni kulitunza kundi. Kwa hiyo ile juu ni ya jicho la mchungaji, sio ya kiti. Biblia ya Muungano hapo imeweka waangalizi, ila ukienda 1 Timotheo 3 neno lilelile imeweka askofu, sasa ukisoma Kiswahili peke yake utajuaje?

Na neno lenyewe wala halikuzaliwa kanisani, Waathene karne ya 5 KK walikua wanatuma maepiskopos wao kukagua miji iliyokua chini yao. Ndo maana nawaambia asili ya neno ikupe hamu tu ya kulichunguza, ila maana yake utaipata kwenye mistari linapotumika, kwa hiyo konkodansi (kitabu kinachoorodhesha mistari ambamo kila neno linatokea) iwe mezani kila siku, hata kama umechoka.

Ukimaliza hilo chukua presbyteros, ndo yule mzee wa mstari wa 17, likatekate hivyohivyo utaikuta priest, yaani kasisi, humo ndani.