Maswali na majibu: Fundi wa kupaua utamjuaje?

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Ikifika Septemba, kila aliyemaliza ukuta anahaha kutafuta fundi, na haraka hiyo inawaponza wengi. Haya ni baadhi ya maswali mliyoniletea.

Mafundi watatu wamekuja, kila mmoja ana picha nzuri kwenye simu. Nimchague yupi? (Nzuguni)

Picha inaweza kuwa ya kazi ya mtu mwingine. Mwambie kila mmoja akupeleke kwenye paa alilopaua mwenyewe, ambalo limeshapita kiangazi chenye upepo na msimu mzima wa mvua. Paa la mwezi jana bado halijajaribiwa.

Ukifika, zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa kando. Muulize kama lilivuja, na kama fundi alipopigiwa simu alirudi. Mimi hilo la kurudi nalipa uzito kuliko yote, maana msumari mmoja unaweza kumkosea fundi yeyote, ila mwaminifu anarudi na ngazi yake bila kudai hela nyingine.

Kisha tazama kazi yenyewe. Kwenye bati la kawaida la migongo, misumari iwe imepigwa mgongoni, si bondeni maji yanakopita. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari usiwe umepasuka wala kupinda. Ukikaribishwa ndani, angalia dari, hasa pale paa mbili zinapokutana. Doa la kahawia hapo linatosha kukuambia ukweli.

Fundi anataka nimpe hela yote anunue bati na mbao mwenyewe. Anasema analo duka la bei poa. (Iyumbu)

Usimpe. Akuandikie orodha ya vifaa, umwonyeshe fundi wa pili aipitie, halafu uende dukani mwenyewe. Mchezo mkubwa uko kwenye geji. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na 32 ni nyembamba zaidi. Ukilipia 28 ukaletewa 30, likishapanda juu hutatambua kwa macho. Tafuta alama ya TBS, omba bati lipimwe unene mbele yako, na risiti ya EFD iandike geji na idadi. Mbao ziwe zimetiwa dawa, kwa sababu mchwa wa huku hawana huruma.

Hela ya ufundi nayo itoke kwa awamu: kidogo anapoanza, nyingine kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) zikisimama, nyingine bati likiisha. Bakiza kiasi mpaka mvua kubwa ya kwanza, na mkubaliane hivyo kabla hajapanda juu.

Shikamoo. Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, naona aibu kuandikishana. (Mkonze)

Marahaba. Andikishaneni, tena kwa sababu ni shemeji. Bei, awamu za malipo, siku ya kumaliza, mashahidi wawili, basi. Karatasi hiyo inamlinda na yeye asije akadhulumiwa jasho lake.

Lazima awe amesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi? (Kisasa)

Anayejiita kampuni ya ukandarasi, ndiyo: omba namba yake ya usajili na uihakiki kwenye bodi. Fundi wa mtaani hutamkuta huko. Kwake angalia cheti cha VETA kama anacho, na paa zake za zamani.

Upepo umeng'oa paa la jirani. Nimuulize nini fundi wangu? (Ihumwa)

Muulize kenchi atazifunga na nini kwenye ukuta. Akijibu misumari tu, mwache. Panahitajika nondo nyembamba au waya mnene uliozamishwa kwenye zege la linta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), ukazungushwa kwenye mbao. Ndiyo maana fundi wa kupaua apatikane kabla linta haijamwagwa.

Muulize pia bati ataanza kulaza upande gani. Upepo wetu mara nyingi hutoka mashariki, hivyo aanze magharibi, ili ukingo wa kila bati la juu usielekee unakotoka upepo.

Gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) niweke sasa au baadaye? (Nala)

Sasa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea karibu lita 55,000, ingawa sehemu hupotea. Mwonyeshe fundi mapema tenki litakapokaa, gata liinamie upande huo.