Maswali na Majibu: Ramli, Fali na Utabiri Mezani

Barua za mwezi huu karibu zote ni za uaguzi kwenye michezo ya mezani, ile ya kujivika uhusika. Nimechagua saba.

Uganga wa Augury, ule wa kuuliza kama jambo ni heri au shari, naweza kuutumia mara ngapi kwa siku? (Mwera)

Swali hili linaletwa kila mara, na jibu limo kwenye maelezo ya uganga wenyewe. Kwa mchezo wa Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, mara ya kwanza unapata jibu la kweli. Ukirudia kabla ya mapumziko marefu, uwezekano wa kupewa jibu la kubahatisha ni asilimia 25, kisha 50, kisha 75, na dadu hilo hulitupa mwendeshaji wa mchezo kwa siri. Halafu fali hiyo huona nusu saa tu mbele. Mtu anauliza kama safari ya siku tatu ni salama, anajibiwa "heri", anavamiwa siku ya pili, anasema kadanganywa. Hakudanganywa na mtu, hakusoma. Someni kwanza, jamani.

Dadu limeshatua kwenye 3. Naweza kuweka 18 yangu ya Portent? (Wete)

Hapana. Portent ni namba za dadu ambazo mhusika mwaguzi amejiwekea akiba, aziweke mahali pa dadu jingine, na kwa kanuni hizo hizo unatangaza kabla dadu halijatupwa.

Mwaguzi wa kwenye kisa changu anapiga ramli. Nitumie dadu gani? (Chake Chake)

Weka dadu pembeni, ipige ramli kwa hesabu yake. Chukua sinia, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa. Mchezaji anayeuliza achome kwa kidole mistari 16 ya nukta, haraka, bila kuhesabu. Akihesabu ameshaharibu, afute aanze upya. Kisha kila mstari uzifute nukta mbilimbili: ikibaki moja, andika nukta moja, isipobaki kitu, andika mbili. Mistari minne ni umbo moja. Mistari yenye nukta 13, 10, 9 na 14 inakupa moja, mbili, moja, mbili. Maumbo manne ya kwanza ndiyo mama.

Mabinti hutoka kwa mama: safu za juu za mama wote wanne, kwa mpangilio, ndizo binti wa kwanza, safu za pili binti wa pili, hadi wanne. Hapo mna maumbo manane. Yajumlishe mawili mawili, safu kwa safu: zikifanana andika nukta mbili, zikitofautiana andika moja. Manane yanazaa manne, manne yanazaa mashahidi wawili, mashahidi wanazaa mizani. Jumla ni maumbo 15.

Uzuri wake ni kwamba ramli hujikagua yenyewe. Mizani lazima iwe na nukta shufwa: 4, 6 au 8. Ukipata 5 au 7, kuna nukta umeikosea. Anza kukagua kwa mabinti, hapo ndipo watu huruka safu. Kwa hiyo katika maumbo 16 ya ramli, ni 8 tu yanayoweza kukaa kwenye mizani, tena kwa nafasi sawa. Andaa maana 8 za hukumu, usijitese na 16. Na siku ukibanwa na muda, dadu la pande nane litakupa mizani kwa uwiano ule ule.

Ili inoge, nitie aya na majina ya mizimu ya kwetu? (Mkoani)

Usitie. Aya za Qur-ani si pambo la mchezo, na mzimu ambao watu bado wanaupelekea ubani una wenyewe. Hapo mezani yupo anayejua kwamba Mtume amesema anayemwendea mwaguzi akamuuliza, sala yake haikubaliwi siku 40. Huyo amekuja kucheza, usimtie katika dhiki. Tunga mizimu yako na lugha yake. Na sinia la mchanga lisiulizwe jambo la kweli hata mara moja: ndoa ya mtu, maradhi, nani kaiba simu. Mmoja akianza, futa mchanga, ondoa sinia. Tuhuma ya wizi iliyotoka kwenye mchezo inaweza kumpigisha mtu asiye na hatia.

Nimetunga mji wenye sherehe kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kibanda kinachomwa na moshi unasomwa. Upande wa moshi niupate kwa dadu la pande nne? (Paje)

La. Mwaka Kogwa ni Julai, na Julai ni kusi. Moshi utalalia kaskazini, kila mtoto wa pwani anajua. Tumia dadu la pande kumi: 1 hadi 7 kaskazini, mwaka wa kawaida; 8 na 9 unapanda wima; 10 unarudi kusini, dhidi ya upepo. Hiyo 10 ndiyo itakayowanyamazisha wachezaji, kwa sababu wanaujua upepo.

Nimetabiri kuwa shujaa atamsaliti mfalme. Mchezaji hataki. Nimlazimishe vipi? (Mjini)

Humlazimishi. Kosa ni lako, na ndilo kosa ninalolipigia kelele kuliko yote: umetabiri tendo la mchezaji. Tendo ni lake, wewe una dunia. Tabiri kitu, sharti na wakati: "Jahazi lisilo na tanga likitia nanga kabla ya mwezi kuandama, ufunguo wa ngome utabadilisha mkono." Ufunguo unaweza kuibiwa, kurithiwa, au shujaa akaukabidhi kwa hiari. Kabla hujatamka, andika kwenye karatasi maana mbili ambazo zote zinaweza kutimia. Ukiwa nayo moja tu, umetoa amri. Sisi tumekulia kwenye taarabu na majina ya kanga. Fumbo tunalijua tangu utoto, iweje mezani tuseme wazi kama tangazo la msiba?

Huo utabiri wako rekebisha hivi: mfalme atasalitiwa na aliyekula chumvi yake. Walioila ni wengi.

Mhusika aliyetabiriwa kafa kikao cha pili. (Micheweni)

Nani kaokota pete yake? Utabiri umehamia kwake.