Barua kwa mwanangu: wasifute kitu kwenye ile simu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Kijana wa mama Hamisi, miaka 15, alimtumia picha za utupu "msichana" wa Instagram. Sasa huyo msichana anadai laki mbili kabla ya saa nne usiku, la sivyo anazimwaga kwa wafuasi wote wa kijana. Mama mtu ameshika simu, anataka kufuta akaunti, nawe unauliza kama ni sawa.

Mzuie. Akaunti ikifutwa ushahidi umekwenda, na tapeli bado anazo picha.

Kwanza wapige picha za skrini. Ukurasa wake uonekane na jina la akaunti, lile linaloandikwa bila nafasi, siyo jina la kujipamba. Wanakili na kiungo, maana majina hubadilishwa kwa dakika. Halafu mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, tarehe na saa zikionekana, na namba anayotaka atumiwe pesa. Picha zenyewe za mtoto wasizinakili wala kumtumia mtu. Shangazi akizirusha kwenye grupu la familia ili watu "waone", naye anasambaza picha za ngono za mtoto, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalikataza. Na simu isipelekwe kwa fundi! Picha zinaweza kunakiliwa pale kibandani na zikaanza safari nyingine.

Pesa wasitume hata shilingi. Anayelipa mara ya kwanza amemwonyesha tapeli kwamba pesa ipo, na dai la pili huja kubwa zaidi. Kama kijana alishalipa kimyakimya, watunze ule ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu. Jina linalotokea si lazima liwe la mhalifu, laini nyingi za kitapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, basi wasiende kumvamia mtu.

Ushahidi ukishakamilika ndipo waripoti akaunti ndani ya Instagram, kisha wamblock. Wasianze na kublock.

Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Unaichagua picha kwenye simu yako, mtambo unaitengenezea alama ya tarakimu, na alama hiyo tu ndiyo inayotumwa. Picha haitoki kwenye simu. Majukwaa yaliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitambua picha na kuizuia. Ndiyo maana nasema wasifute: bila picha hakuna alama. Tapeli akiikata au kuibadilisha, alama yaweza isilingane, na jukwaa ambalo halikujiunga halihusiki.

Kesho asubuhi waende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, simu ikiwa na chaji na namba ya siri ikijulikana. Usiku huu wapige 116, simu ya watoto, haina malipo.

Sasa Hamisi mwenyewe, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitangaza zaidi ya watoto 3,000 waliolengwa kwa mtindo huu, wengi wao wavulana, na zaidi ya kumi na wawili walijiua. Asilale peke yake leo. Viboko na maneno ya "umetuaibisha" viwekwe kando, na baba yake aambiwe na mtu mwenye busara, wewe unamjua. Kijana asikie wazi kwamba aliyetenda kosa ni yule mtu mzima.

Siku zijazo atatokea mwingine kwenye ujumbe akijiita "hacker" anayeweza kuzifuta picha zote kwa elfu hamsini. Huyo ni tapeli wa pili, pengine ni yule yule. Nipigie mkitoka kituoni.

Mama yako