Msomaji Huingilia Dirishani

Wewe unayeanza kutengenezea watu blogu, najua wiki yako ya kwanza utaimalizia wapi: kwenye ukurasa wa mwanzo. Hata mimi nilianzia huko. Blogu yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, nikaipamba kama ukumbi wa harusi. Juu picha tatu zinazopokezana, pembeni saa inayozunguka, na maandishi ya kijivu hafifu kwa kuwa niliyaona ya kisasa. Mwenye blogu alifurahi, nami nikajiona fundi.

Kisha kuku wa mama mdogo wakaanza kufa. Nikamtumia kwa WhatsApp kiungo cha makala ya ugonjwa wa mdondo, na nilipokwenda kumtembelea nikamkuta barazani anaifungua. Nikakaa kimya kumtazama, na hakuna zoezi gumu kuliko hilo katika kazi hii. Ukurasa ulikawia, nilipoupima baadaye nikakuta MB 6, nyingi zikiwa za picha ambazo hazikumsaidia kitu. Alisoma hadi mwisho, huku akiikinga simu na jua kwa kiganja, akaniuliza: "Sasa hii chanjo inarudiwa lini?"

Jibu lilikuwemo: ile ya matone, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ila lilikuwa kwenye makala nyingine, na njia ya kuifikia nilikuwa nimeificha ndani ya vile vistari vitatu vya juu vinavyofungua menyu. Yeye alidhani ni mapambo. Alama hiyo ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Miaka yote hiyo, mama mdogo hakuna aliyemtambulisha nayo. Tangu siku ile huandika neno "Menyu" kando yake.

Na ukurasa wa mwanzo? Hakuugusa kabisa. Wasomaji wengi huingilia dirishani, kwa kiungo walichotumiwa au walichokipata Google, wakatua katikati ya nyumba. Kwa hiyo kila makala ijitegemee: jina la blogu lionekane, mwandishi na tarehe viwe juu, na hatua inayofuata iwe ndani ya maandishi yenyewe. Kiungo kiitwe "Ratiba ya chanjo ya mdondo". Ukikiita "bofya hapa" msomaji hajui anakokwenda, na bando ni lake.

Majina yaangalie sana. Templeti nyingi, yaani kurasa zilizochorwa tayari, za WordPress na Blogger huja na Kiingereza chake, na fundi akizitafsiri neno kwa neno, kitufe cha ukurasa wa mwanzo kinakuwa "Nyumbani". Nyumbani kwa nani? Andika "Mwanzo". Makundi ya makala nayo yawe yale ambayo mfugaji mwenyewe angeyataja: Vifaranga, Magonjwa, Chakula, Masoko. "Mengineyo" ni shimo. Kinachotupwa humo hakisomwi tena.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Viwango vya WCAG, vile vya kimataifa vya kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vipimo vya bure vya kukagua hilo vipo mtandaoni. Picha zipunguze kabla ya kuzipandisha; kwa simu, upana wa pikseli 800 unatosha.

Kabla ya kukabidhi kazi, tafuta watu wa kuijaribu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mimi mara nyingi hupata wawili tu, na bado hunivua nguo. Lakini usimuulize mtu kama ameipenda. Kwa adabu zetu atakujibu "nzuri, mwanangu, hongera," nawe utarudi nyumbani umedanganywa kwa upendo. Mpe kazi: "Nitafutie chakula cha kifaranga wa wiki mbili." Halafu funga mdomo, mikono mifukoni, usimwonyeshe hata kwa macho. Pale kidole chake kinaposita, ndipo penye kosa lako.

Nilipoifumua ile blogu na kumpelekea tena mama mdogo, ratiba aliipata mwenyewe. Kisha akalalamika: ile saa nimeipeleka wapi? Aliipenda.