Maalim, kukosa imani ndiko kunakoleta udhalimu?

SUALI: Maalim, asalaam alaykum. Mtoto wa ami yangu amerudi masomoni na anasema waziwazi kwamba haamini Mungu. Barazani kwetu wazee wamemjia juu: serikali za wasioamini, kama ya Stalin wa Urusi ya Kisovieti, ndizo zilizoua watu, na mwenye fikra hizo asikae na vijana. Yeye anajibu kwamba dini ndiyo inayowafundisha watu kuwanyenyekea madhalimu. Nani ana haki?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam, mwanangu. Wazee wako hawakuzua. Albania, nchi ya Ulaya yenye Waislamu wengi, ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967 chini ya mtawala wake wa kikomunisti, Enver Hoxha. Katiba yake ya 1976 ikaandika kuwa dola haitambui dini yoyote. Mashekhe na mapadri walitiwa jela, wengine wakauawa. Nikisoma habari za misikiti iliyogeuzwa maghala, roho inaniuma mpaka leo.

Lakini waulize wazee jambo moja. Stalin, aliyelibomoa kanisa kuu la Moscow mwaka 1931, mwaka 1943 aliwaita maaskofu Kremlin, makao ya serikali yake, akawaruhusu wamchague Patriaki wao, yaani mkuu wa kanisa lao. Je, moyo wake ulikuwa umeamini? Vita na Hitler vilimbana, akawahitaji waumini, basi. Kambi zake za wafungwa zilibaki palepale.

Na Franco, dikteta wa Uhispania, je? Huyo alikuwa Mkatoliki wa dhahiri, alitia saini mkataba na Vatican mwaka 1953, na maaskofu hawakuteuliwa bila mkono wake. Mapadri walipoanza kuwatetea wafanyakazi na Wabaski, watu wa kaskazini ya nchi wenye lugha yao, serikali yake iliyojiita ya Kikristo ikawafungulia jela yao wenyewe kule Zamora, mwaka 1968. Padri mtiifu, Franco alimpenda. Padri mwenye ulimi, alimfunga.

Sasa mwambie na mtoto wa ami yako. Mimi nakaa Michenzani, majumba yaliyoanza kujengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi yetu ya 1964. Nchi ile ilitawaliwa na chama kisichopenda dini. Kijana wa kanisani mara nyingi alinyimwa nafasi ya Chuo Kikuu. Watu walipochoka, walikusanyikia wapi? Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, kila Jumatatu, kwenye dua ya amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 walimiminika barabarani watu kiasi cha 70,000, na wengi wao hawajui hata kuomba. Walikwenda pale kwa sababu lile lilikuwa karibu paa pekee ambalo chama hakikulishika. Baada ya mwezi mmoja Ukuta wa Berlin, uliowazuia watu wa mashariki wasitoke, ukafunguka. Basi hiyo dini inayofundisha unyenyekevu tu, hapo ilikuwa wapi?

Na wazee nao wasikie: sehemu ile ya Ujerumani leo wengi hawana dini, na wanapiga kura na kuziondoa serikali bila damu.

Mimi natazama kitu kimoja: je, wapo watu wanaoweza kukusanyika na kumwambia mtawala hapana bila ya kumwomba ruhusa? Ndiyo maana hata hapa kwetu nina dukuduku. Mufti wetu anateuliwa na Rais wa Zanzibar, na sheria ya 2001 iliipa ofisi yake usimamizi wa misikiti na idhini ya mihadhara. Wenzangu wengi wanaona ni utaratibu mzuri wa kuzuia fitina. Mimi ninayeswali kila siku ningependa shekhe wangu asiwe na deni kwa mteuzi.

Kijana mwacheni akae barazani. Akisema neno la kuwaudhi wazee, ajibiwe kwa hoja, naye awaamkie kwa adabu kama alivyolelewa. Mkimfukuza, atakwenda kuzungumza na wanaomsifu tu. Na wewe mkaribishe futari Ramadhani ikifika. Kama hafungi, kula atakula.