Usinunue tailizi, kwanza nionyeshe shimo la nguzo

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako mara mbili. Una milioni 5, upo Kilwa Masoko, unataka kibaraza cha mita 4 kwa 6 mbele ya nyumba chenye paa la bati, na unauliza tailizi au pevingi (yale matofali ya zege ya kupanga chini), bati la rangi gani halipauki haraka, taa zipitishwe wapi, na uanze kabla ya masika au usubiri yapite. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba fundi atalishikiza paa la kibaraza kwenye kenchi za nyumba, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ili muokoe nguzo za upande mmoja. Hapo ndipo nilipoacha wali jikoni nikaja kukuandikia.

Mimi nipo Kilindoni, Mafia. Mwaka 2023 nilijenga kibaraza cha vipimo hivyo hivyo, na fundi wangu alisema maneno hayo hayo ya fundi wako. Kilinigharimu 4,300,000. Tarehe 4 Mei 2024, siku ya kimbunga Hidaya, kiling'oka, na kilipoondoka kilibeba na kipande cha paa la nyumba. Kuirudisha nyumba ikae watu kulinigharimu 3,460,000 nyingine. Zijumlishe mwenyewe, halafu ujue kwamba baada ya kulipa zote hizo sikuwa na kibaraza.

Ilikuwa Jumamosi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza siku kadhaa kabla, boti zimesimama, sisi tupo ndani. Upepo ulikuwa unakuja kwa vishindo, unatulia kidogo, unarudi. Nilisimama sebuleni nimeshika komeo la mlango, nikaona kwa dirishani nguzo ya pembeni inapanda. Sijasema inainama. Inapanda. Ikashuka, ikapanda tena, na kila ikipanda tailizi za pembeni yake zinapasuka, ta, ta, ta. Mara ya nne au ya tano haikurudi. Kilichofuata ni misumari kutoka kwenye mbao za nyumba, mlio ule wa mtu anabandua kifuniko cha kasha kwa nyundo, na sebule ikajaa mwanga wakati nimefunga madirisha yote. Mabati manane ya nyumba yalikwenda, kenchi mbili zikavunjika, silingi bodi ikashuka na maji yake juu ya makochi. Watoto nilikuwa nimewaweka chumba cha nyuma na bibi yao. Alhamdulillah kwa hilo, mengine yananunulika.

Kesho yake tuliikuta ile nguzo kwenye minazi ya jirani, bado imeng'ang'ania mbao, na chini yake kinaning'inia kidonge cha zege kama muhogo uliong'olewa na udongo wake. Nikatoa futikamba nikakipima: sentimita 30 kwa 30 kwa 30. Anayetaka kucheka acheke sasa, namsubiri. Nguzo zote nne zilikula mfuko mmoja wa simenti na haukuisha. Nakumbuka vizuri, maana fundi aliniomba ule ubaki akaondoka nao.

Na huyu fundi nilimuuliza! Nilisimama pale wakati anachimba, nikamwambia fundi, mbona shimo fupi? Akanijibu: "Dada, paa huwa linaanguka, halipandi. Kazi ya nguzo ni kubeba." Akasema kwa sauti ya mtu aliyepaua nyumba hamsini, nami nikanyamaza. Hasira yangu ipo hapo hadi leo. Mtu amepaua nyumba za pwani miaka yote hiyo na hajawahi kujiuliza upepo ukiingia chini ya paa lisilo na kuta unatokea wapi.

Shemeji yangu ni mhandisi wa majengo, alikuja baadaye akanikalisha chini na daftari. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la kibaraza ni baya kuliko la nyumba kwa sababu liko wazi: upepo unalisukuma kwa chini, na ule unaopita juu unalivuta. Mita 4 kwa 6 ni mita za mraba 24. Hiyo ni zaidi ya kilo 1,100 zinazotaka kulinyanyua paa lako. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Sasa weka upande wa pili wa mizani. Bati na mbao zote za paa kama langu hazikufika kilo 300. Kidonge kimoja cha zege cha sentimita 30 kila upande kina kilo 65 hivi, vinne ni 260. Nani anamshika nani hapo? Kilichobaki kulishika paa ni misumari iliyopigwa kwenye mbao za nyumba. Ndiyo maana nyumba ikaondoka nalo.

Kwa hiyo sikiliza, hili ndilo nililokuja kusema na nitalirudia: KINACHOSHIKA KILIPWE KWANZA. Kabla ya bati, kabla ya tailizi, kabla ya rangi. Pesa ya shimo, zege, nondo, bamba, bolti na mikanda ya chuma iweke kwenye bahasha yake, na usiguse kitu kingine mpaka bahasha hiyo imekwisha na kila kilichomo unakiona kwa macho kimekaa mahali pake.

Usidhani ni pesa nyingi. Mwaka jana nilijenga upya, paa la ukubwa ule ule, safari hii likiwa na nguzo sita na miguu yake yenyewe. Kila shimo sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Zege lake lote, moja kwa mbili kwa nne (simenti, mchanga, kokoto), lilikula mifuko 8 ya simenti na lina uzito wa tani 3 na ushee. Nilivyolipa:

simenti 160,000
kokoto na mchanga 150,000
nondo 112,000
bamba, bolti na kuchomelea 120,000
mikanda ya chuma 40,000
kuchimba 60,000

Jumla 642,000. Zile tailizi zangu za mwanzo, pamoja na gundi, usafiri wa kutoka Nyamisati na ufundi, zilikuwa 980,000. Yaani nililipa karibu milioni kwa kitu cha kukanyagia, na kilicholishika paa kilikuwa mfuko mmoja wa simenti usioisha.

Halafu kuna mwenye duka. Nilikwenda na orodha ya fundi, akaniangalia akasema "mama, usihangaike na skrubu, misumari hii ya bati inatosha, na geji 30 ya rangi ni nzuri inang'aa." Geji 30 ni bati jembamba kuliko 28, namba kubwa bati jembamba, wengi hatukuambiwa hivyo. Msumari laini unatoka ulivyoingia. Skrubu yenye mpira inauma mbao. Yeye alikuwa anauza alichokuwa nacho dukani, ningejua ningeagiza. Lakini hata skrubu isikudanganye peke yake. Bati linashikwa na papi, zile mbao nyembamba zinazolala chini yake, papi inashikwa na kenchi, kenchi na boriti, boriti na nguzo, nguzo na zege, zege na ardhi. Upepo unatafuta kiungo kimoja tu kilicholegea. Kenchi ipitishiwe mkanda wa chuma juu yake ushuke pande zote mbili za boriti, usitegemee misumari miwili ya inchi nne iliyopigwa kwa mshazari. Nguzo ikae kwenye bamba lililofungwa kwa bolti zilizozama ndani ya zege pamoja na nondo. Kingo za bati ndiko linakoanza kubanduka, huko weka skrubu kila mgongo wa bati.

Na paa la kibaraza lisishikane na la nyumba. Liwe chini ya ukingo wa paa la nyumba, uache nafasi kama ya kiganja katikati. Mvua ya kawaida haikusumbui sana, na ikitokea mbaya zaidi liende lenyewe.

Najua utaambiwa na watu, pengine na fundi wako pia, kwamba kimbunga hakifiki Tanzania. Mimi niliambiwa. Ni kweli vingi vinaelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini Unguja ilipigwa Aprili 1872 mikarafuu ikalala chini. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Lindi ndiyo mkoa wako. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, Mtwara watu wakiwa wameambiwa wahame mabondeni. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuja moja kwa moja kikaishiwa nguvu karibu na pwani yetu. Kisha Hidaya Mei 2024, na wewe uliyeko Kilwa huhitaji kusimuliwa na mimi barabara ilivyokatika Somanga. Hata tukiacha vimbunga kabisa, ile mvua ya ghafla yenye upepo wa robo saa inatosha kung'oa kidonge cha kilo 65.

Kitu kimoja kinaniuma kila nikipita. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, ana banda la makuti analopumzikia mchana, hakumwita fundi. Boriti za mikoko kazizamisha mwenyewe kirefu ardhini, viungo vyote kafunga kwa kamba za usumba, hakuna msumari. Siku ile makuti yalichanika upande mmoja, upepo ukapita pale palipochanika, banda likabaki limesimama. Alisuka makuti mapya akayaweka, mambo yakaisha. Nilimuuliza kwa nini alichimba kirefu hivyo, akashangaa swali. "Mwanangu, jahazi bila nanga utalilaza wapi?"

Turudi kwako. Mchanga usichukue wa ufukweni hata wakikuuzia kwa bei ya kutupa, chumvi inakula nondo ndani ya zege na wewe huioni. Ukikuta chini ni mchanga mlegevu, endelea kuchimba mpaka ufike palipo pagumu, na hayo masentimita ya ziada yahesabu kwenye bahasha ile ile. Fundi usimlipe kwa mkataba wa kazi nzima. Mlipe hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza iishie kwenye zege lililokauka, siyo kwenye paa. Fundi aliyelipwa nusu mwanzoni anakimbilia kupaua kwa sababu huko ndiko kazi yake inaonekana.

Pevingi au tailizi: pevingi. Ikizama unainua unasawazisha, tailizi ikipasuka unanunua. Ila sakafu iwe na mteremko wa kukimbia nyumba, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, vinginevyo mvua yote ya kibaraza itaingia sebuleni. Na pesa ikibana, anza na udongo ulioshindiliwa vizuri na mkeka juu yake. Mimi nimekaa hivyo miezi saba chini ya paa jipya, wageni wanakuja, kahawa inanyweka.

Rangi ya bati chagua unayoipenda, sina neno nalo.

Mwambie fundi wako aziache kwanza hizo mbao. Kesho au keshokutwa mkishachimba, tupia picha ya shimo hapa kabla hamjamwaga zege, na futikamba iwe imesimama ndani yake nione namba.